Jembe Aliloachiwa Sipho

Matembele yakikatwa asubuhi yanatoa utomvu mweupe, na harufu yake mbichi inang'ang'ania vidoleni mpaka shuleni. Mwaka 2015 nilikuwa mtoto wa miaka kumi na moja, nanuka hivyo kila siku, wenzangu wanaziba pua. Sikujali. Nyuma ya nyumba tulikopanga chumba, hapa Bellevue, huku kusini mwa Afrika, palikuwa na kiwanja cha takataka. Mwenye nyumba alimwambia baba, "Lima tu, sina kazi nacho." Baba akatoa matofali na chupa kwa mikono, akapanda matembele na lengalenga, mchicha wa kwetu, mama akawa anawauzia Wakongo wenzetu. Baba alipenda kusema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali haisemi siku ya nne wanamfanyia nini.

Mwaka huohuo watu walianza kupiga wageni na kuvunja maduka yao kule Jeppestown, si mbali na kwetu. Tukakimbilia kanisani. Kabla ya kutoka, baba alimkabidhi jirani yetu Sipho, mwenyeji wa hapa, jembe lake, mbele ya watu. Kwao Uvira, Kongo, ukikimbia vita unamwachia jirani jembe. Ukirudi analileta mwenyewe, hata hujaomba. Kule liliwahi kurudi. Kwa hiyo hapa hakueleza kitu. Nani anaeleza jambo kama hilo?

Tuliporudi, kiwanja kilikuwa na uzio na kufuli mpya. Sipho alikuwa ndani, anakata matembele yetu.

"Eish, mzee, umenipa mwenyewe. Watu waliona."

"Nilikupa unilindie."

"Mtu anakupa jembe, anaondoka. Hiyo ni kulinda?"

"Muulize kama na kitanda tulimpa," mama alisema. Majirani wakacheka, halafu wakaingia kwao. Mwenye nyumba naye akasema yeye anakodisha vyumba, majani hayamhusu. Basi, ikaisha hivyo. Mpaka leo inanichoma, maana Sipho hakuwa mtu baki. Krismasi alikula kwetu, akaomba aongezewe.

Sasa ni 2019. Baba ni mlinzi wa jengo Marshalltown, mikono yake imekuwa laini kama ya karani. Juzi mama alipanda lengalenga kwenye ndoo, akaiweka dirishani. Baba, yule aliyegeuza jalala zima kuwa shamba, aliiinua kwanza, akaipima uzito, akairudisha.

"Punguza udongo," alisema. "Siku tukikimbia, mtoto aweze kuibeba."