Penina Senta na Mahindi Yasiyokaa Mkononi

Kama kuna maneno yaliyomchosha Penina, ni kuambiwa kwamba michezo imemsaidia katika biashara. Aliambiwa na mchungaji, akaambiwa na mwenyekiti wa soko, akaja kuambiwa na vijana wa semina kutoka Dodoma mjini, waliomsimamisha mbele ya watu. "Mwoneni mama huyu! Alicheza netiboli mpaka timu ya mkoa, leo ni mfanyabiashara wa mahindi Kibaigwa. Michezo inalipa!" Watu wakapiga makofi. Penina akatabasamu kwa meno tu, moyoni anawaka. Inamlipa nani?

Si kwamba walidanganya kabisa. Netiboli ilimpa miguu ya kuzunguka soko tangu alfajiri, na sauti ya kuita mtu upande wa pili wa malori akasikia. Ilimpa pia jina. Mpaka leo wakulima wa Pandambili wakishusha mahindi humuulizia Senta, kwa nafasi aliyocheza uwanjani, na wengine humwachia magunia kwa neno la mdomo tu, kwa kuwa walimwona akicheza wakampenda. Kununua, basi, hakuna aliyemshinda. Shida ilikuwa kushika.

Anayeujua mchezo huo anajua. Ukidaka mpira huruhusiwi kutembea nao wala kukaa nao. Sekunde tatu zikipita hujautoa, filimbi inalia, mpira wanapewa wapinzani. Penina alianza kucheza darasa la nne, akacheza mpaka alipobeba mimba ya Lea, mwanawe wa kwanza. Miaka yote hiyo mwili wake ulifundishwa kwamba kitu kikikukaa mkononi ni kosa. Na mahindi yanataka kinyume chake. Pale Kibaigwa hata mbuzi wanaookota punje chini ya malori wanajua kwamba mahindi ya Julai ni ya bure, na anayeyalaza ghalani mpaka mvua zikolee ndiye anayeezeka bati. Penina hakuyalaza. Kila mwaka aliapa, na kila mwaka Agosti ilimkuta na ghala tupu.

Aliyekuwa akimtoa mahindi hayo mkononi ni mtu mmoja, Mwalimu Gaudence. Huyu alikuwa mwalimu wa michezo shuleni kwao na mwamuzi wa netiboli wilaya nzima. Penina amelelewa na filimbi yake. Alipostaafu akaingia sokoni kuwa dalali, na hakuchelewa kugundua mahali pa kumbana mwanafunzi wake wa zamani. Anakuja, anapokea shikamoo yake, anasimama karibu kabisa, anataja bei ya kutupa. Kisha ananyanyua mkono kama zamani uwanjani na kusema polepole, "Lori linaondoka, Penina. Moja... mbili..." Kabla ya tatu Penina ameshasema, "Haya Mwalimu, chukua." Na lori lenyewe hata injini halijawasha! Madalali wengine walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye alirudi nyumbani akajifungia chumbani kwa hasira, asijue amkasirikie nani.

"Kwa nini usimwambie hapana?" Zablon, mumewe, alimuuliza siku moja.

"Unafikiri sijui hapana inavyosemwa?"

"Basi iseme."

"Yule ni mwalimu wangu, baba Lea. Akianza kuhesabu, mikono yangu inafunguka yenyewe."

Zablon akaguna. Nusu ya mahindi yale aliyalima yeye kwa plau ya ng'ombe, kwenye jua lile la Pandambili, kwa hiyo alikuwa na haki ya kuguna.

Ukafika mwaka wa mashine. Ilikuwa mashine ya kukoboa na kusaga, imetumika lakini nzima, mali ya mjane mmoja wa Ihumwa aitwaye Paskazia. Alikubali kumwekea Penina mpaka Februari, si zaidi. Penina akiuza mahindi yake kwa bei ya Februari, mashine ni yake, atauza sembe na hatamnyenyekea dalali tena. Akiyaachia Julai, mashine inakwenda kwa tajiri wa Kondoa, ambaye alikwisha kuja kuipapasa. Penina aliapa tena. Zablon alisikia kiapo, akaendelea kula.

Julai haikumkawiza Gaudence. Alimkuta Penina peke yake mlangoni mwa ghala, madalali wenzake wakimsubiri nje.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Senta. Naona Mungu amekubariki mwaka huu." Akasogea. Penina akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa magunia. Mwalimu akataja bei, na ilikuwa ya aibu. Mkono ukapanda. "Lori linaondoka. Moja..."

Viganja vikaanza kumwasha Penina, na lile "haya" la kila mwaka likaja mpaka kwenye ulimi. Akainamisha macho kwa uchungu, akaona viatu vya Mwalimu vimekaribia kukanyaga kandambili zake. Hapo hasira ikampanda, ile hasira ya mchezaji aliyeonewa.

"Umenibana, Mwalimu! Futi tatu!"

"Nini?"

"Mwenye mpira habanwi. Anayemkaba anasimama futi tatu. Ulitufundisha wewe!"

Gaudence akatazama miguu yake. Na kabla hajawaza lolote, alirudi nyuma. Akarudi tena kidogo, kwa uhakika, mpaka akajikuta nje ya mlango, juani, mbele ya madalali wenzake. Naye mwili wake ulikuwa umefundishwa. Akakohoa, akasema "mbili," lakini kutoka kule nje ilikuwa sauti ya mzee anayehesabu peke yake. Watu wakaangua kicheko, na safari hii hawakumcheka Penina. Mwalimu akatikisa kichwa, akaondoka zake.

Februari Penina alikwenda Ihumwa kuichukua mashine, na ndiyo inayounguruma pale nyuma ya soko mpaka sasa. Lakini siku ile ya Julai Zablon alirudi kutoka shamba akamkuta mkewe amekaa kizingitini mwa ghala, analia kwa kwikwi. Moyo ukamwanguka. Alimpita moja kwa moja akaingia ndani, akaanza kugonga magunia kwa kiganja, hili na hili, mpaka ukutani. Yote yalikuwepo. Akatoka ameduwaa.

"Mahindi si yapo? Sasa unalia nini?"

"Nalilia ya mwaka jana," Penina akasema. "Na ya mwaka juzi. Na yale yote ya nyuma, baba Lea. Sheria ya futi tatu niliijua tangu darasa la nne."