Nilivyompigia Simu Mkubwa wa Televisheni

Mjukuu wangu hutangaza kwenye televisheni hapa Voi. Kipindi kikiisha, yeye ndiye hutwambia kinachofuata. Mkubwa wake alimwonya kwamba watazamaji wasipopiga simu kumsifu, atamwachisha kazi.

Basi nikapiga mimi. Asubuhi nilijifanya mwalimu wa Kasigau, mchana mkulima wa Mboghoni, kila mmoja na sauti yake.

“Huyo msichana anatangaza vizuri,” nikamwambia mkubwa. “Lakini mwambie avae sweta. Kifua kinamsumbua tangu nilipokuwa nikimbeba mgongoni.”

Mkubwa akaniamkia: “Shikamoo, nyanya.”

“Marahaba. Sasa utamfukuza?”

“Nikimfukuza si utakuja hapa?”

“Kesho mapema.”

Mjukuu wangu kazi yake anayo mpaka leo. Siku mbili hakunisemesha, ati nimemwaibisha. Mimi sikumwomba msamaha.