Nimepiga yowe, kijana wa ng'ambo akanipa dole gumba

Leo nimepiga yowe nikiwa juu ya bembea ya umeme, na yule aliyekuwa akiiendesha akanichekea.

Sitanii.

Mjukuu wangu Neema ndiye anayewafundisha kazi vijana walioletwa kutoka ng'ambo, maana uwanja mpya wa bembea hapa Miyuji unafunguliwa Jumamosi. Akaniambia, "Bibi, njoo upande, wajizoeze." Nikavaa kitenge kipya kama naenda harusini.

Bembea ikaanza kuzunguka, nikakumbatia chuma kwa mikono miwili. Nikamwambia kijana anishushe. Hakuelewa.

Basi nikapiga yowe, lile tunalopiga mwizi akiingia zizini.

Akanyoosha dole gumba, akaongeza mwendo.

Waliokuja mbio ni wanawake kutoka mashine ya kusaga, unga umewajaa usoni, na mzee mmoja na fimbo yake. Wakaruka uzio. Ndipo akazima.

Nikamuuliza Neema, "Umewafundisha nini hawa?"

"Kwamba mtu akipiga kelele huko juu, ujue anafurahi, Bibi."

"Na yowe je? Wewe umezaliwa wapi?"

Akainama. Eti, "Huko kwao hawalijui."

Hawalijui, na wewe unayelijua ulinyamaza.

Kesho asubuhi Neema atawakalisha chini vijana wote, na yowe nitawapigia mimi mwenyewe mpaka walijue. Wakishindwa, Jumamosi mtanikuta getini na kigoda changu, na hapandi mtoto wa mtu.

Nyie mnaocheka hapo, wajukuu zenu ndio watakaopanda. Haya, semeni nimekosea wapi.