Jiko la Oili Chafu Lililojifunza Kuzimika

Siku ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ni ile paa la Bi Mwanaidi liliposhika moto kwa sababu ya jiko letu. Ilikuwa zamani za Mwingereza, kabla ya vita vya pili, nami nilikuwa fundi bati kijana hapa Kariakoo, nyuma ya soko. Baba alikuwa mpika halua. Alipikia uani, na kati yetu na nyumba ya Bi Mwanaidi palikuwa na ua wa makuti tu.

Masika ile kuni zote zilikuwa mbichi. Moshi uliingia kwenye halua mpaka wateja wakawa wanainusa kwanza ndipo waile, na Baba, aliyejivunia kazi yake kuliko uzuri wa wanawe, akaanza kukonda. Mimi nilikuwa nikiona gereji za malori zikimwaga oili chafu mtaroni. Nikatundika debe la oili juu ya nguzo, nikashusha mrija wenye koki hadi kwenye sahani nene ya chuma chini ya sufuria. Unaichoma sahani kwa vumbi la mbao mpaka ipate moto sawasawa, kisha unafungulia oili tone tone, inageuka mvuke na kuwaka moto mkali. Nilijiona fundi kwelikweli.

Tatizo lilikuwa mila ya kazi. Katika jiko la Baba moto hauzimwi mpaka sufuria ishuke. Kuuzima katikati ni nuksi. Basi siku hiyo maji yaliyojificha ndani ya oili yakauzima moto wenyewe. Nikakimbilia koki, Baba akanidaka mkono.

"Acha! Moto wa halua hauzimwi."

Oili ikazidi kudondoka kwenye chuma kilichokuwa bado na joto, mvuke ukatanda, naye akatupia kijinga cha moto ili uwake tena. Uliruka ule moto! Ukalishika paa la jirani, tukahangaika na ndoo mtaa mzima. Hakuumia mtu, alhamdulillahi, ila nyusi za Baba zilikwenda zote.

Bi Mwanaidi alikuwa mjane, na nyumba ile ndiyo mali yake pekee. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bi." Alikuwa akitazama makuti yake meusi.

"Umehangaika sana moto uwake," akaniambia. "Nani alihangaika uzimike?" Kisha akamgeukia Baba. "Mpaka Ijumaa. Nikiona bado una jiko hilo na halijatengenezeka, nakwenda kwa jumbe akuhamishe, ukapikie huko mashambani Magomeni."

Baba akachukua nyundo alivunje. Nikasimama mbele yake. Nilikuwa na hasira, nakwambia kweli, na hasira yenyewe nilikuwa nayo juu ya lile jiko. Sikukubali linishinde.

Nikakaa nikimtazama Baba anavyokoroga. Mpika halua, ukishamwekea sufuria, hasogei. Anashika kafi lake la kukorogea na miguu iko palepale. Nikaweka ubao chini ya mguu wake, nikafunga ukamba kutoka ubaoni mpaka kwenye koki, na kwenye koki nikaning'iniza kipande kizito cha chuma. Akikanyaga, oili inashuka. Akitoka, au ukamba ukiungua, chuma kinaivuta koki na kuifunga. Debe nikalihamishia nyuma ya ukuta wa udongo. Oili nikaiacha itulie kwenye pipa, maji yakae chini, nami nachota ya juu. Sahani nikaitoboa pembeni, oili ikizidi imwagikie kwenye chungu cha mchanga, mbali na moto.

Ijumaa Baba akawasha. Halua ilikuwa imeanza kushika, hiliki inanukia, Bi Mwanaidi alipoingia na kisu chake cha kukatia mchicha. Hakuuliza mtu. Akaukata ukamba.

Chuma kikashuka. Moto ukanywea, ukafa. Nikainama kuchungulia sahani: hapakuwa na tone.

"Umeniulia halua!" Baba akapiga kelele.

"Halua mbovu nitaila," akasema Bi Mwanaidi. "Nyumba ikiungua nitalala wapi?"

Baba akaokota ncha ya ukamba uliokatwa. Halafu akanitazama, akasema, "Funga ukamba mwingine. Mgumu zaidi."

Mwanangu, jiko lako la oili ulilojitengenezea nimeliona linavyonguruma, na nimefurahi. Lakini usiniite tena kunionyesha linavyowaka. Niite nione linavyozimika: mpishi akiondoka, oili ikiwa na maji, mrija ukichomoka. Likikushinda, lifumue uanze upya, na usimruhusu mtu yeyote, hata mimi baba yako, akushike mkono unapotaka kufunga koki.

Mungu akupe mikono yenye subira na moyo usiokata tamaa, na majirani zako walale usingizi mnono ukuta kwa ukuta na kazi yako. Amina.