Sura ya Yesaya

Sadoki alikuwa mchora vibao pale Tunduma, karibu na geti la mpaka. Kuku wote kwenye kuta za migahawa miaka ile ya tisini walikuwa wake, na walinona kuliko waliokuwa jikoni. Watu walimcheka kwamba kuchora binadamu hawezi. Binadamu wa kwanza nilimpelekea mimi, na sioni haya kulisema.

Wifi yangu Tulinagwe, mjane wa kaka yangu Yesaya, aliunguliwa nyumba kijijini Itaka, ikateketea na picha pekee ya mumewe. Nyumba tuliijenga upya kabla ya mvua. Fundi wa nyumba yupo, wa mfupa uliovunjika yupo hospitali. Fundi wa mtu aliyekwisha kuzikwa je?

"Wifi," akaniambia, "sura inanitoka. Juzi nimemkumbuka mgongo tu. Mwanangu Gwantwa kazaliwa baba hayupo. Nitamwonyesha nini?"

Basi Sadoki akaja na ubao na rangi zake, akatukalisha ukoo mzima, akauliza. Pua? "Kama yangu," akasema mdogo wetu Mika. Paji la uso? Langu hili, nikasema, na ndilo zuri. Meno? Yote. Kwetu marehemu hasemwi kasoro.

Alipomaliza, tukatazama: bwana nadhifu mwenye tai, ambaye hakuna aliyewahi kumwona.

"Huyu diwani ametoka wapi?" akauliza Tulinagwe.

Sadoki akaweka brashi chini. "Mama, hata kuku wangu wana makovu. Huyu wenu hakuwa na lolote?"

Tulinagwe akanigeukia. "Wifi, mnisamehe. Jino la mbele lilikatika. Jicho la kushoto lilifinyika, alipopigwa na tawi shambani kwenye kahawa."

"Shemeji! Unamsema marehemu?" Mika akafoka.

"Namsema mume wangu. Na hiyo pua yako hakuwa nayo, Mungu alimsaidia."

Tulicheka mpaka mkeka ukasogea. Sadoki akaifuta pua ile ubaoni, akamvua bwana yule tai, akamfinya jicho, akamfunga mdomo upande kama mtu anayeficha pengo. Nikasimama mwenyewe bila kujua, kama vile kaka kaingia.

Baadaye Sadoki alichora marehemu wengi, mpaka vijiji vya Igamba, na kila mara alianza kwa kuuliza kasoro. Lakini siku ile Tulinagwe aliugusa ule ubao shavuni, rangi ikamganda kidoleni. "Ndiye," akasema. Akamvuta binti yake. "Msalimie baba yako."

Gwantwa akapiga goti. "Shikamoo, baba."

Tukanyamaza sote, hata Mika, kana kwamba kuna mtu wa kuitikia.