Aya Niliyoimeza

Ipo Jumapili moja ya miaka ya tisini, mwanangu, ambayo mpaka leo sijaielewa. Nilikuwa mwalimu kijana huku Malava, na kanisani nilikuwa mkalimani. Mgeni akihubiri kwa Kiingereza, mimi nayatia maneno yake katika lugha yetu ili akina mama kama mama yangu wasikie. Kazi hiyo ilinipa kiburi kidogo, sitakuficha.

Wakati huo mimi na mdogo wangu Makokha hatukuwa tukisalimiana. Alikuwa amepanda miwa akavuka makonge ambayo marehemu baba aliyapanda kuonyesha mpaka, nami nikaapa kwamba mguu wangu hautakanyaga kwake hadi aing'oe. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Sisi tulikuwa tumeingia msimu wa pili, nadhani hata majirani walikuwa wamechoka kulima. Mama alikula mchana kwangu na jioni kwa Makokha, akilia njiani.

Siku hiyo mgeni alisoma yale maneno ya Bwana Yesu, kwamba ukileta sadaka ukakumbuka ndugu yako ana kinyongo nawe, iache hapo, ukapatane naye kwanza. Nikamwona Makokha kwenye benchi la tatu, amempakata kuku wa sadaka. Nikajua nikiyatamka hayo, kanisa zima litanitazama mimi. Basi nikayameza. Niliwaambia watu kwamba mgeni anasema tutoe kwa moyo mkunjufu. Mgeni, maskini, akatabasamu na kuendelea.

Wakati wa sadaka Makokha alikuja mbele na kuku wake. Yeye aliacha shule darasa la tatu, hakuwa na Kiingereza hata cha kuombea maji. Alipofika nilipokuwa, akasimama. Waliomfuata wakaanza kunung'unika.

"Hii kuku nimeletea Mungu," akasema polepole, "lakini miguu imekataa kukupita."

Nilichanganyikiwa, mwanangu. Nani alimwambia? Nikamtazama mgeni, nikamtazama kuku, nikadhani labda niliitamka ile aya bila kujijua. Mama akainuka kwenye benchi lake.

"Huyo mgeni alisema nini hasa?" akaniuliza.

Nikaisema aya yote, nikakiri kwamba nilikuwa nimeificha. Wengine walicheka. Mzee mmoja aliyekuwa na kesi na nduguye alichukua kofia yake akatoka, asirudi. Mama alilia. Mimi niliushika mkono wa ndugu yangu, na hadi leo sijui kama ilikuwa toba au aibu tu. Miwa ile tuliikata pamoja.

Nilimuuliza Makokha mara nyingi kabla hajafariki ni nini kilimsimamisha. Kila mara alinijibu kwamba hakusikia kitu.

Kwa hiyo, mwanangu, neno la Mungu likipita kinywani mwako, usidhani ni lako la kukata na kubakiza. Litafika linakokwenda, uwepo usiwepo. Wala usingoje kulielewa ndipo uinuke. Mimi nililielewa lote nikabaki palepale, mwenzangu hakuelewa hata nusu, akaja. Kama kuna nduguyo usiyemsalimia, nenda leo, kabla hujanawa mikono ya chakula cha jioni.

Mungu akupe masikio ya Makokha, mwanangu, na miguu yake pia.