Miguu ya Muteti Mwezi wa Julai

Muteti alianza kupoteza vidole vya miguu mwezi wa sita. Havikukatika, ila aliacha kuvisikia. Kila alfajiri alitoka kwenye ploti yetu hapa Kitengela kwa baiskeli hadi bomani kwa Soipan, akachukua mitungi miwili ya maziwa na kuileta kwenye hoteli ya Nzisa. Nusu ya njia ni ya ng'ombe, nyasi za magoti zilizojaa umande. Nusu ni lami yenye upepo mkali. Mji mzima hunywa chai ya asubuhi bila kujiuliza ni miguu ya nani iliyoganda. Mimi jambo hilo hunichoma.

Mara mbili mguu wake uliteleza kwenye pedali bila yeye kujua, akaanguka na mtungi ukamwagika. Kwa Wamaasai maziwa ni mali ya wanawake, na mzee wa boma hana sauti hapo. Soipan na wake wa wanawe wawili walikaa wakaamua: akimwaga mara ya tatu, maziwa yatabebwa na Dennis wa pikipiki. Muteti ana miaka hamsini na tatu na hana kazi nyingine.

Basi nikamshauri. Soksi jozi tatu, juu yake karatasi za mkate, kisha gambuti. Maji hayapiti plastiki. Hilo halihitaji hata chuo nilichosomea.

Jioni ya siku ya kwanza kuvaa hivyo alivua soksi mlangoni pangu akazikamua. Maji yakatiririka. Mvua haikuwa imenyesha. Tulijaza gambuti maji tukitafuta tundu, hatukuliona. Nikamwambia aongeze karatasi nyingine mbili na afunge kwa mpira juu ya kifundo. Kesho yake alirudi na vidole vyeupe, na soksi zimelowa zaidi.

Jumanne alifika bomani, akashuka, akashindwa kusimama. Soipan alimkalisha kwenye kigoda na kumvua gambuti mwenyewe. Zile karatasi zilipotoka moja baada ya nyingine, wale wake wa wanawe walishikana mabega kwa kicheko.

"Baba Mutindi," Soipan akamwambia, "hii miguu ilikukosea nini ukaifunga hivi?"

"Ni baridi, Mama Seleyian."

"Na haya maji?"

"Hayo ndiyo hata mimi sijui."

"Ni jasho yako. Umeifungia ndani, itatokea wapi?" Akabonyeza vidole, akamwonyesha alama nyekundu ambapo soksi na mpira vilikuwa vimekaba. Damu nayo, alisema, haikuwa na nafasi ya kupita.

Akamletea akala za mwanawe Parmuat, vile viatu vya wazi vya tairi, na jozi ya soksi zake kavu. Akamwambia apite nyasini bila soksi, gambuti ziwe zimening'inia kwenye usukani. Akifika kwenye lami ajifute miguu vizuri, avae hiyo jozi moja ya soksi kavu aliyoibeba tumboni chini ya sweta, ndipo avae gambuti.

Muteti alimtazama akidhani anataniwa. "Sasa nilowe ndiyo nikauke?"

"Nyasi lazima itakulowesha. Iache. Baridi yenyewe iko kwa lami." Akafunga mitungi kwenye kiti cha nyuma. "Ukimwaga leo, kesho Dennis anakuja. Sitaongea tena."

Akaenda. Umande ulimng'ata hadi akakunja uso, mwiba ukamchoma kisigino, na hapo ndipo alipogundua kwamba ameusikia. Kwenye lami alijifuta kwa bitana ya koti, akavaa soksi zenye joto la tumbo lake. Mbele kidogo lori la saruji lilimpita karibu, upepo wake ukamsukuma hadi kwenye changarawe. Baiskeli iliyumba. Mguu wa kushoto ukaikamata pedali, akaibana, akarudi barabarani. Nzisa alimimina mitungi yote miwili hadi tone la mwisho.

Mchana alikuja kwangu kama mtu aliyekuja kudai maelezo.

"Wewe umesoma. Mguu niliolowesha umekauka, ule niliofungia ukalowa. Imekuwaje?"

Nilianza na jasho, nikaingia kwenye mzunguko wa damu, nikafika katikati nikaona hata mimi sielewi kwa nini ushauri wangu ulikuwa umeonekana kwangu sahihi hivyo. Nikahamia kwenye haki za watu wanaolisha miji. Nilisema kwa ukali, na bado naamini kila neno. Muteti alisubiri nimalize, kisha akauliza kama jozi mbili za soksi zingekuwa nyingi.

Kesho yake alifika bomani na akala mguuni. "Takwenya," akamsalimu Soipan. "Iko," akajibiwa. Soipan akamfungia mitungi mitatu. Muteti aliihesabu tena, akamwambia huu wa tatu si wake. Lakini Soipan alikuwa ameshageuka, anarudi kwa ng'ombe wake, na wale wake wa wanawe walicheka tu, wakisema Dennis atafute maziwa kwingine. Akabaki hapo kwenye umande, akijaribu kuelewa.